Mzigo wa Ubundu kwenda Ubundu: waraka wa wazi kwa ofisi ya kompyuta

Ubundu, Jimbo la Tshopo

Kwa Wakubwa wa Ofisi ya Ufundi wa Kompyuta,
Makao Makuu ya Mradi,
Kisangani

Kuhusu: Vifurushi viwili vilivyoondolewa kwenye kompyuta zetu sita

Waheshimiwa,

Huku mto umejaa, na paneli za jua zinafanya kazi kila mawingu yanapozipa nafasi. Barua mbili za kawaida nimekwisha kuwapelekea kwa mkono wa dereva wa pikipiki, na zote mbili zilijibiwa kwa neno moja: tumeona. Hii ya tatu naiandika wazi, ili na wengine waone pamoja nanyi.

Jambo lenyewe ni dogo ukilipima kwa mizani. Kifurushi cha programu ninachokililia hakifiki kilobaiti 100. Picha moja ya simu, ya mtoto aliyesimama mbele ya kanisa siku ya komunyo, inakizidi mara nyingi. Kinaitwa libnss-mdns, na mwenzake anayetembea naye ni avahi-daemon. Vyote viwili vilikuwa kwenye kompyuta zetu tangu chumba kilipofunguliwa, na hakuna aliyejua kuwa vipo, kama vile hakuna anayejua kuwa bawaba zipo mpaka mlango uanguke.

Fundi wenu alifika Jumanne jioni, matope hadi magotini, mnyororo wa pikipiki umekatika mara mbili njiani. Tulimpokea kama mgeni anavyopokewa: maji ya moto, kisha sombe na samaki. Jumatano alifanya kazi tangu asubuhi. Alifuta mafaili yasiyo na mwenyewe, akaondoa michezo (kwa hilo nilimshukuru), akaweka njia ya kutuunganisha na seva yenu ya ripoti, akaijaribu, ikakubali. Alhamisi alfajiri akashika njia ya kurudi.

Saa mbili na nusu asubuhi hiyo akaingia mwanafunzi wa kwanza, binti finalisti anayejiandaa kwa mtihani wa taifa, Exetat. Alikaa kwenye kompyuta ya dirishani, akaandika maktaba.local kama anavyoandika kila siku tangu mwaka jana. Kompyuta ikasita kidogo, ikamjibu kwamba hakuna mashine yenye jina hilo. Akanitazama. Mimi nikatazama chini ya meza, ambako maktaba yenyewe ilikuwa imekaa: kisanduku kisichozidi Biblia kwa ukubwa, chenye Wikipedia nzima ya Kifaransa na ya Kiswahili ndani ya programu ya Kiwix, na vitabu vya fizikia na historia tulivyovikusanya kidogo kidogo. Taa yake ya kijani ilikuwa inapepesa. Kati ya magoti ya binti yule na kisanduku hapakufika mita moja.

Printa nayo ilikuwa imefutika kwenye orodha. Iliwaka, ilikuwa na karatasi, ilikuwa na wino, lakini hakuna kompyuta iliyokuwa na habari nayo.

Nikachukua kipande cha katoni ya maziwa ya unga, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito nambari ya maktaba, 192.168.1.14, nikakibandika ukutani. Siku hiyo tukafanya kazi kwa nambari. Usiku wa Ijumaa betri ziliishiwa, ruta ikazimika, na ilipowaka asubuhi ikagawa nambari upya. Maktaba ikawa 11. Nikakata, nikaandika. Jumatatu ikawa 17. Kitoto kimoja cha darasa la tano, kinachokuja kutazama picha za wanyama, kilisimama mbele ya katoni ile yenye mikato miwili, kikaniuliza: "Papa, maktaba inahama usiku?"

Neno la siri la msimamizi sinalo, mnalo ninyi. Lakini apt, programu inayoweka na kuondoa vifurushi, ina kumbukumbu zake, na kumbukumbu hizo hata mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kuzisoma, katika faili la /var/log/apt/history.log. Nikalifungua. Jumatano, saa 5:12 asubuhi: amri ya kuondoa avahi-daemon. Dakika moja baadaye: amri ya kufagia vifurushi visivyohitajika tena, na katika ufagio huo ikaenda libnss-mdns, maana iliingia pamoja na mwenzake na ikatoka pamoja naye. Nikaenda kompyuta ya pili, ya tatu, hadi ya sita. Hadithi ni ile ile, saa zikipishana kwa dakika tano tano. Kazi yote ni nusu saa. Kisanduku cha maktaba hakikuguswa. Hadi leo kila kinapowaka kinalitangaza jina lake chumbani, na hakuna kompyuta yenye sikio la kulisikia.

Wakubwa, haya ninayoyaeleza sasa mnayajua kuliko mimi. Lakini barua ni ya wazi, na msomaji asiye fundi ana haki ya kuelewa kinachogombewa.

Kompyuta haijui majina, inajua nambari. Ukiiandikia jina, lazima itafute wa kuligeuza. Kwenye Linux kuna faili dogo, /etc/nsswitch.conf, na ndani yake mstari mmoja unaopanga aulizwe nani kwanza na nani baadaye. Bila kifurushi chetu mstari huo husema: tazama daftari lako la nyumbani, ukikosa, nenda kaulize seva ya majina, ile ya DNS, hata kama iko mbali. Kifurushi kinapowekwa kinapenyeza hatua moja katikati: kabla hujaenda mbali, ita uani. Kinapoondolewa kinaifuta hatua hiyo kwenye mstari, na kompyuta inarudi kwenye tabia yake ya kwanza.

Kuita uani ni hivi. Kompyuta ya dirishani inapaza sauti ndani ya mtandao mdogo wa chumba, kwenye anwani 224.0.0.251, mlango wa 5353: nani hapa anaitwa maktaba? Mashine zote zinasikia. Zisizohusika zinanyamaza. Maktaba yenyewe inajibu: mimi hapa, nambari yangu 14. Jibu hilo huwekwa akilini kwa muda mfupi, kwa kawaida sekunde 120, kisha likihitajika tena huulizwa upya. Ndiyo maana kwa mwaka mzima ruta ilikuwa ikigawa nambari kila betri zilipokufa, na hakuna mtoto aliyewahi kujua. Zikitokea mashine mbili za jina moja, iliyochelewa hujiita maktaba-2, bila kesi wala shahidi. Na sauti hiyo haivuki ruta. Haifiki barabarani wala mtoni, sembuse Kisangani.

Waliouandika utaratibu huo ni Stuart Cheshire na Marc Krochmal wa Apple. Hati yake rasmi, RFC 6762, ilitoka mwezi wa pili mwaka 2013, ingawa Apple walikuwa wakiutumia tangu 2002. Wakati huo waliuita Rendezvous, wakavutana na wengine juu ya jina hilo, na mwaka 2005 wakauita Bonjour. Sisi Wakongomani tunaosema bonjour kila asubuhi hatukudai kitu. Kwa upande wa Linux, Lennart Poettering na Trent Lloyd walitengeneza Avahi, na jina wakalichukua kwa mnyama mdogo wa Madagaska, wa jamii ya lemuri, anayelala mchana na kutembea usiku. Kile kitoto cha darasa la tano kingempenda.

Hati ile ile ya 2013 ndiyo iliyotenga kiishio cha .local kiwe cha uani tu. Hapo ndipo penye ugomvi wetu.

Sitaki fundi wenu aonekane mharibifu. Alikuwa na sababu, nami nimeijua kwa kuitafuta mwenyewe usiku, kwa mwanga wa skrini. Seva yenu ya ripoti hapo Kisangani ina jina linaloishia .local. Hamkuanza ninyi. Ofisi nyingi duniani zilifanya hivyo miaka ile ambapo Windows Small Business Server yenyewe ilikuwa ikimpendekezea fundi kiishio hicho. Lakini kwenye ule mstari, kifurushi chetu kinapoweka hatua yake ya uani, kinaweka na amri ndogo iliyofungwa kwa mabano: jina likiwa la .local, na uani hakuna aliyeitika, simama hapo, usiende kwingine. Kwa majina ya uani ni busara tupu. Kwa jina la seva yenu ni ukuta. Fundi aliandika jina la seva ya ripoti, kompyuta ikaita uani, uani kimya, ikarudi na jibu kwamba hakuna. Dishi la setilaiti linawaka, njia ipo, Kisangani ipo, ila swali halikutoka hata mlangoni. Matoleo mapya ya kifurushi yana adabu zaidi: yanachungulia kwanza kama seva ya DNS nayo inadai .local, na ikidai yanaipisha. Ila kompyuta zetu ni za msaada, zinatembea na Ubuntu ya mwaka 2016, na kifurushi cha wakati huo hakijafundishwa adabu hiyo.

Basi majina mawili yakagombea kiti kimoja, na fundi akamwinua aliyekuwa amekaa. Ningekuwa mimi nimetumwa kuhakikisha ripoti zinafika, muda ni mfupi na safari ya kurudi inangoja, huenda ningefanya hivyo hivyo. Lakini yuko fundi mwingine ambaye angefungua ule mstari, akafuta ile amri ya mabano peke yake, akaacha vingine vyote mahali pake. Kompyuta ingeita uani kwanza, uani pakiwa kimya ingekwenda kwenye DNS, na kila mmoja angepata chake: maktaba chini ya meza, ripoti Kisangani. Neno moja lingefutwa badala ya vifurushi viwili. Sikulijua hilo Jumatano ile. Ningelijua ningemwambia tukiwa tunakula.

Linaloniuma si kwamba aliondoa. Aliondoa na hakusema, hakuandika popote, wala hakuacha mtu mwenye uwezo wa kurudisha. Mashine ziko Ubundu, ufunguo uko Kisangani.

Mnaujua mji huu walau kwa ramani. Kati yenu na sisi mto una maporomoko saba ya Boyoma, katika safari ya zaidi ya kilomita 100, maji yakishuka kiasi cha mita 60, na hakuna meli inayoyapanda. Ndiyo maana ilijengwa reli, kilomita 125 kutoka ng'ambo yenu, upande wa Lubunga, na mwaka 1906 ikafika hapa. Mzigo wa Kindu unashuka majini na kupanda gari-moshi, mzigo wa Kisangani unashuka gari-moshi na kuingia majini, siku ambazo gari-moshi lipo. Baba zetu walikula kwa mabega yao kati ya gati na stesheni. Hata hamali asiyejua kuandika jina lake alijua kwamba mzigo wa kutoka Ubundu kwenda Ubundu haupandi treni. Gunia la mchele la jirani analibeba mtoto kichwani, anavuka njia, amefika.

Swali la binti yule, maktaba iko wapi, lilikuwa gunia la namna hiyo. Mmelipandisha treni.

Na treni yenyewe, kwa upande wetu, ni dishi linalowashwa saa mbili kwa siku, kwa sababu betri haziwezi zaidi. Ripoti inaondoka mara moja kwa juma, Ijumaa. Maktaba inafunguliwa siku sita. Sisemi ripoti haina maana. Najua wafadhili wanaihesabu, na bila wafadhili hata kisanduku kisingekuwapo. Nasema tu kilichotolewa kilikuwa kinatumika siku sita, kwa ajili ya kinachotumika siku moja.

Kuna jibu la usalama, na kwa kuwa mmoja wenu alilitaja kwa simu nisilipite. Ni kweli kwamba anayeita uani hana namna ya kumjua anayeitika. Katika ofisi kubwa yenye wageni na Wi-Fi inayoshikwa na kila simu, mwongo anaweza kuitika kwa jina la seva na kunasa maneno ya siri, na ndiyo maana mafundi wengi wa Windows hufunga ndugu wa utaratibu huu, LLMNR. Ningekuwa kwenye jengo lenu ningewaunga mkono. Lakini hapa kuna nyaya sita za kompyuta, moja ya kisanduku, moja ya printa, na mlango wenye kufuli ambalo ufunguo wake nauvaa shingoni. Atakayejifanya maktaba itabidi kwanza aingie, anisalimie, na aombe kiti.

Huyo huyo wa simu alishauri tuandike majina kwenye daftari la kila kompyuta, faili la /etc/hosts, yaishe. Nilimshukuru, nikamuuliza: kwa neno la siri la nani? Na tukishaliandika, ruta ikigawa nambari upya, tuandike tena kwenye kompyuta sita? Mtasema tukipe kisanduku nambari isiyobadilika. Tungekipa. Nambari hutolewa na ruta, na neno la siri la ruta mnalo ninyi pia. Na hata tukiipata, katoni inabaki ukutani kwa majirani watakaokuja na kompyuta zao: watoto wanakumbuka neno maktaba, hawakumbuki tarakimu tisa zenye nukta tatu.

Tena daftari hilo lina historia yake. Miaka ya 1970 majina yote ya mtandao wa Arpanet yalikuwa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na mama mmoja, Elizabeth Feinler, na wenzake, katika Stanford Research Institute kule California. Aliyetaka jina jipya alipeleka ombi kwao. Aliyetaka kujua majina ya wengine alinakili faili zima. Mashine zilipokuwa chache ilitosha. Zilipoongezeka nakala zilichelewa, majina yakagongana, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS ili kila ukoo utunze majina yake. Watu wale walikuwa na umeme usiku na mchana, na bado daftari la ofisi moja liliwashinda.

Kuhusu namna ya kuondoa jina, mfano hauko California. Uko hapa nchini. Tulipokuwa Zaire, kiishio chetu kwenye intaneti kilikuwa .zr. Mwaka 1997 nchi ilirudi kuitwa Kongo, na mwaka huo huo tukapewa .cd. Lakini .zr haikung'olewa siku bendera ilipobadilishwa. Viliachwa viwili vikiishi pamoja, cha zamani na kipya, na .zr ikafutwa kwenye orodha kuu ya dunia mwaka 2001. Miaka minne. Katika miaka ile nchi ilikuwa na vita, na mji wenu wa Kisangani ulikuwa unapigwa mizinga na majeshi ya nchi jirani, lakini kwa jambo hilo moja watu walikumbuka kwamba jina la zamani lina watu wanaolitumia. Sisi tulipewa dakika moja.

Na mji huu nao ulikuwa na jina jingine. Uliitwa Ponthierville, kwa ajili ya ofisa Mbelgiji aliyekufa 1893 katika vita na Waarabu na Waswahili wa mto huu, kama Kisangani ilivyoitwa Stanleyville hadi 1966. Babu yangu aliendelea kusema anakwenda "Pontiè" mpaka anazikwa, na kila mwenye pirogi alimwelewa akamfikisha. Mtu wa kivukoni alikuwa na majina yote mawili kichwani. Ni hilo tu tunaloomba kwa kompyuta.

Tunaomba basi hivi. Dishi linawashwa saa nne hadi saa sita mchana. Siku yoyote mtakayoitaja, mmoja wenu aingie kutoka huko kwa neno lake la siri na kuviweka tena avahi-daemon na libnss-mdns kwenye kompyuta sita. Kuvipakua hakuchukui muda wa kumenya embe. Bahati ni kwamba fundi alitumia amri ya kuondoa, hakutumia ile ya kufuta hadi mizizi, kwa hiyo mipangilio ya Avahi bado ipo ndani ya /etc, inangoja. Akimaliza afungue ule mstari wa nsswitch.conf na kuifuta ile amri ya mabano, ili jina la seva yenu lipite. Ajaribu vyote viwili, maktaba na ripoti, nami nikiwa kwenye simu nikimwambia ninachokiona.

Hilo ni la sasa. La baadaye ni lenu zaidi kuliko letu: seva ya ripoti ipewe jina lisilo la .local. Mradi una jina lake la .cd, seva inaweza kukaa chini yake. Kama hamtaki jina la hadharani, mwaka 2024 ICANN ilitenga kiishio cha .internal kwa mitandao ya ndani tu, hakitauzwa kwa yeyote. Wekeni jina jipya, liacheni la zamani lifanye kazi kwa miezi kadhaa kando yake, tubadilishe vituo kimoja kimoja, kisha mliondoe la zamani. Najua ni kazi. Najua pia kwamba si Ubundu peke yake penye printa zilizopotea. Mwenzangu wa kituo kingine alinipigia juma lililopita kuniuliza kama na sisi tumeanza kuandika nambari ukutani, nikacheka, yeye hakucheka.

Na neno la siri. Siombi funguo zote. Kuna namna ya kumruhusu mtu wa kituo kutumia amri chache tu, za kuweka na kuondoa vifurushi vilivyokubaliwa, bila kumpa nyumba nzima, na fundi wenu anaijua. Mkiogopa kwamba nitaharibu, kumbukumbu za apt zitawaambia dakika na sekunde niliyoharibu, kama zilivyoniambia mimi.

Kwa upande wetu tumekwisha kununua daftari, la kurasa 96, jalada la bluu. Limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ya mlangoni pamoja na kalamu. Kila atakayegusa mashine ataandika: tarehe, alichoweka, alichoondoa, sababu, na namna ya kurudisha. Ukurasa wa kwanza nimeujaza mwenyewe kwa niaba ya fundi wenu, kutoka kwenye zile kumbukumbu. Mahali pa sababu nimeandika nilichokisia, kwa penseli, ili akija asahihishe. Mwambieni chumba cha wageni kipo, na sombe ipo.

Binti finalisti anakuja bado. Siku hizi akiingia haanzi kwa kompyuta. Anaanza kwa ukuta, anasoma katoni kwa sauti ya chini, kisha anakaa. Jana alinisomea nambari kabla sijamwuliza, akaongeza kwamba ya juzi ilikuwa nzuri zaidi.

Barua hii inaondoka leo na dereva yule yule. Amepewa maneno ya kungoja jibu siku mbili Lubunga kwa shemeji yake, kisha avuke mto aje kwenu tena kabla ya kurudi. Nambari ya maktaba asubuhi hii, mtakapoingia kutoka huko na kutaka kuijaribu, ni 192.168.1.23. Ya kesho siijui.

Wenu katika kazi,

Mlinzi wa chumba cha kompyuta,
Ubundu